Sanaa ya Mkono: Margarete Steiff na Dubu wa Kushonwa

Vitu vilivyo karibu mno na binadamu aghalabu huponyoka macho ya wahakiki. Utenzi una wahakiki wake, na riwaya ina wake. Nyumba za ibada na sanamu za mawe zimeandikiwa vitabu vizito. Lakini mkeka ulaliwao kila usiku, chungu kipikiwacho kila siku, na kitu cha kuchezea ambacho mtoto hulala nacho kifuani, hivyo huachiwa wenye kuvitumia. Sababu isemwayo ni kwamba hizo ni kazi za ufundi wala si kazi za sanaa. Walakini lugha ya Kiswahili haikuanza kwa kuyatenga mambo haya mawili. Neno sanaa limetokana na Kiarabu, na katika shina lake lina maana ya kutenda kazi kwa ustadi wa mkono. Seremala alikuwa na sanaa, na mfua fedha alikuwa na sanaa, kabla neno hilo halijapandishwa daraja na kuketishwa pamoja na washairi na wachoraji peke yao.

Basi swali la kale larudi: je, kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya matumizi, kikauzwa sokoni, kikachakazwa na mikono ya watoto, chaweza kuhakikiwa kama kazi ya sanaa? Yafaa swali hili lipimwe kwa kazi moja iliyo ndogo kwa umbo na kubwa kwa sifa, nayo ni dubu wa kushonwa, yule mwanasesere mwenye manyoya ambaye jina lake la Teddy limeenea duniani hata katika nchi ambazo hazina dubu hata mmoja msituni. Waliomtengeneza ni wengi. Lakini hapana afaaye zaidi kuchunguzwa kuliko Margarete Steiff wa mji wa Giengen, kando ya mto Brenz, kusini mwa Ujerumani.

Margarete Steiff alizaliwa tarehe 24 Julai 1847. Baba yake alikuwa fundi mkuu wa ujenzi. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu alishikwa na homa, na homa ilipomwacha ilikuwa imekwisha mpokonya miguu yote miwili, na mkono wake wa kulia ukawa dhaifu wenye maumivu. Ulikuwa ugonjwa wa polio, ambao wakati huo haukuwa na kinga. Alipelekwa kwa waganga, akapasuliwa, akapelekwa kwenye maji ya moto yasifiwayo kwa tiba; hakupona. Alikwenda shule akivutwa katika mkokoteni. Akajifunza kushona, ingawa baba yake hakutumaini kwamba mkono ule ungeweza kazi ile. Akajifunza pia kupiga zita, kinanda cha nyuzi, akawafundisha wengine kwa malipo, na kwa fedha hizo akapata cherehani.

Hapa ndipo wasimulizi wengi wa maisha yake husimama kwa muda mrefu, na hapa ndipo uhakiki hauna budi kuwa na tahadhari. Kuna desturi ya kumsimulia mwanamke huyu kana kwamba kilema chake ndicho kitabu na kazi yake ni tanbihi. Msomaji hutolewa machozi kwanza, kisha huonyeshwa dubu, naye kwa huruma humsifu dubu. Wahenga wamesema, hujafa hujaumbika. Na methali hiyo humkanya mwenye dharau, lakini yafaa imkanye na mwenye huruma iliyozidi. Kumhurumia msanii mahali pa kuipima kazi yake ni njia nyingine ya kutomtazama. Kama dubu ni mbaya, maisha ya mtengenezaji hayatamfanya awe mzuri. Na kama ni mzuri, hahitaji kuombewa.

Hata hivyo, maisha na kazi havikosi pahali pa kukutania, na pahali hapo si katika machozi bali katika namna ya kutenda. Cherehani ya kawaida wakati ule iliundwa kwa mtu azungushaye gurudumu kwa mkono wa kulia. Margarete hakuweza. Akaigeuza cherehani nyuma mbele, akazungusha gurudumu kwa mkono wa kushoto. Jambo hili ni dogo, lakini ndani yake imo tabia nzima ya kazi yake. Hakukibadili chombo, wala hakungoja chombo kipya. Alibadili upande wa kukikabili. Msanii huyu mara nyingi hakubuni kitu ambacho hakikuwapo, bali alikipindua kitu kilichokuwapo mpaka kikatoa matumizi ambayo waliokitengeneza hawakuyawaza.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni ndovu wake wa kwanza. Mwaka 1877 Margarete alifungua duka la mavazi ya felti, yaani kitambaa cha sufu kilichoshindiliwa kwa maji ya moto na mvuke pasipo kufumwa. Aliuza zaidi sketi za ndani za wanawake. Felti ina sifa moja ambayo mshonaji huithamini mno: kwa kuwa haikufumwa, ukingo wake haufumuki. Huweza kukatwa umbo lolote, na pande mbili zikaunganishwa pasipo kukunjwa pindo. Mwaka 1879 aliona katika gazeti la mitindo la Kijerumani kigezo cha ndovu mdogo, na mwaka uliofuata akashona ndovu kwa felti hiyo, akamjaza sufu. Hao ndovu walikusudiwa kuwa vijito vya kuchomekea sindano na pini. Watoto wa jamaa walipowapata, hawakuwachomeka pini. Waliwabeba, wakawalaza, wakawapa majina. Kufikia mwaka 1886 ndovu waliouzwa walizidi 5,000.

Mhakiki mkali atasema: kigezo hakikuwa chake, na wazo la kuwageuza vitu vya kuchezea lilikuwa la watoto, basi sanaa yake iko wapi? Hoja hii ina nguvu, nayo yastahili jibu la haki. Ni kweli kwamba ndovu hakuzuliwa na Margarete. Lakini kuna kusikia ambako ni sehemu ya utunzi. Malenga asikiaye msemo sokoni, akautambua kuwa ni mshororo, hakuuzua msemo. Ametambua tu kile ambacho mia wengine walikipita. Vitu vya kuchezea vya zama zile, vile vilivyouzwa madukani, vilikuwa zaidi vya mti, bati na kauri. Vilikuwa vizuri kutazamwa, na vilivunjika, au vilimwumiza mwenye kuvikumbatia. Ndovu wa felti alileta jambo ambalo duka halikuwa nalo, nalo ni ulaini. Margarete alitambua kwamba mtoto hachezi kwa macho peke yake. Anacheza kwa shavu, kwa kifua na kwa kinywa. Tangu hapo kipimo cha kazi yake kikawa mguso. Vitu vilivyotoka katika karakana yake alivikagua mwenyewe, na imani yake ilikuwa kwamba mtoto hastahili kupewa kilicho chini ya ubora wa juu.

Baada ya ndovu walifuata wanyama wengine: punda, farasi, nguruwe, ngamia. Mwaka 1893 biashara iliandikishwa kuwa kiwanda cha vitu vya kuchezea vya felti. Kaka yake Margarete, Fritz, alikuwa na watoto wa kiume sita, nao wakaingia katika kazi hiyo mmoja baada ya mwingine. Methali yasema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Na miongoni mwa hao Richard, aliyezaliwa mwaka 1877, ndiye aliyekuja kusana. Alisoma katika shule ya sanaa za mikono huko Stuttgart, na mjini humo alizoea kwenda penye bustani ya wanyama kuchora dubu: wanavyoketi, wanavyosimama kwa miguu miwili, wanavyoning'iniza mikono. Mwaka 1897 alijiunga na kiwanda cha shangazi yake. Mwaka 1902 akatoa dubu wa kwanza mwenye viungo vinavyogeuka, aliyeandikwa kwa alama 55 PB: sentimita 55, manyoya ya kufumwa, na mwenye kuchezesha viungo.

Yasimuliwa kwamba shangazi mwenyewe hakuvutiwa sana na dubu huyo. Alikuwa mkubwa, mzito, na manyoya yake ya moheri, yaani nywele za mbuzi wa Angora, yalikuwa ghali. Shaka hiyo ilikuwa na msingi. Viungo vya dubu wa kwanza vilifungwa kwa uzi, na uzi hulegea. Dubu alipelekwa katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1903, na habari zilizopokewa husema kwamba karibu na mwisho wa maonyesho alitokea mnunuzi kutoka Marekani akaagiza dubu 3,000. Leo hapana hata mmoja wa 55 PB ajulikanaye kuwa amesalia. Mhakiki wa kazi hii yuko katika hali ya mhakiki wa shairi la kale ambalo nakala yake ya kwanza imepotea: analijua kwa picha na kwa wazao wake.

Walakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baada ya viungo vya uzi vilijaribiwa viungo vya fimbo za chuma, ambavyo vilikuwa imara lakini vilimfanya dubu awe mgumu na mzito, kitu kisichofaa kukumbatiwa. Ndipo, kufikia mwaka 1905, vikakubalika viungo vya visahani vya kadibodi: sahani moja ndani ya kiwiliwili, nyingine ndani ya mkono au mguu, na pini ya chuma ikipita kati na kukunjwa ncha zake. Kiungo cha namna hii hugeuka kikakaa kilipogeuzwa. Dubu akiinuliwa mkono, mkono hubaki juu. Mambo haya yaonekana kuwa ya fundi tu, lakini maana yake ni kubwa. Mwanasesere ambaye mkono wake huanguka kila uinuliwapo ni maiti. Mwanasesere ambaye mkono wake hukaa ulipowekwa ana nia, au angalau ameazimwa nia na yule amchezeaye.

Sasa yafaa dubu mwenyewe atazamwe, yaani dubu wa Giengen wa miaka ile baina ya 1905 na 1910, ambao wamesalia wa kutosha kuhukumiwa. Jambo la kwanza limshangazalo mtazamaji wa leo ni kwamba dubu huyu si kitoto. Pua yake imetokeza mbele kama ya dubu wa msituni. Mikono ni mirefu, hata yafika magotini akisimamishwa, na ncha zake zimepinda. Mgongoni, chini ya shingo, ana nundu. Nyayo zake ni ndefu na nyembamba. Macho ni vifungo vyeusi vya viatu, madogo, yaliyowekwa karibu na pua. Hapana ulimi mwekundu, hapana meno, hapana tabasamu. Kinywa ni mistari michache ya uzi mweusi chini ya pua iliyotariziwa.

Hii ndiyo sehemu iliyo tajiri kuliko zote katika kazi hii. Mtu asiyefikiri sana atadhani kwamba kitu cha mtoto chapasa kicheke, kwa kuwa mtoto hupenda kicheko. Watengenezaji wengi wa baadaye walidhani hivyo. Lakini uso uchekao una habari moja tu. Mtoto mwenye huzuni akiutazama huona kwamba hasikilizwi; mtoto mwenye hasira huona anadhihakiwa. Uso wa dubu wa Giengen umeachwa katikati, si wa furaha wala si wa majonzi, na kwa hiyo hupokea hali yoyote uletewayo. Huo si upungufu wa ustadi, maana wenye kutarizi kinywa kile wangeweza kukipinda juu kwa mshono mmoja tu. Ni kujizuia, na kujizuia katika sanaa ni kugumu kuliko kumwaga. Mshairi ajuaye kazi yake huacha jambo moja lisitajwe ili msikilizaji alikamilishe. Dubu huyu ameachiwa mtoto amkamilishe.

Kwamba kujizuia huku hakukudumu, kumethibitishwa kwa vipimo. Mwaka 1985 wataalamu wawili wa tabia za wanyama, Hinde na Barden, walitoa makala baada ya kuwapima dubu wa kuchezea wa nyakati mbalimbali. Waliona kwamba tangu mwanzo wa karne ya 20 pua imeendelea kufupika na paji la uso kuongezeka, hata dubu akawa na sura ya mtoto mchanga. Soko lilichagua kile kinachowalainisha wanunuzi, nao wanunuzi ni watu wazima. Hapa mhakiki ana haki ya kutoa hukumu: kadiri dubu alivyozidi kupendeza machoni pa mzazi dukani, ndivyo alivyopungukiwa na ule unyama wa heshima aliokuwa nao. Dubu wa kwanza alikuwa mnyama aliyekubali kuwa rafiki. Dubu wa baadaye amezaliwa rafiki, hana la kukubali.

Ustadi wa mkono unaoleta sura ile hauna siri, ila una subira. Kigezo huwekwa upande wa nyuma wa kitambaa, na mshale huonyesha manyoya yanalalia wapi. Vipande vikiwekwa ovyo, dubu atakuwa na manyoya yanayokwenda juu tumboni na chini kifuani. Mkasi hukata kitambaa cha chini tu, bila kugusa nywele, kwani nywele zikikatwa ukingoni mshono utaonekana kama kovu. Vipande hushonwa ndani nje, kisha hugeuzwa, na nywele zilizonaswa katika mshono huvutwa nje moja moja kwa ncha ya sindano. Kisha huja kujaza. Dubu wa zamani walijazwa nyuzi nyembamba za mbao, zilizosukumwa kwa kijiti, kidogo kidogo, kwa nguvu nyingi katika pua ili ibebe mishono ya kutarizi, na kwa nguvu kidogo penye tumbo. Mwisho ni uso. Uzi wa jicho hupitishwa ndani ya kichwa mpaka kisogoni na kuvutwa. Ukivutwa sana jicho huzama na dubu huwa mzee, ukivutwa kidogo hutokeza akawa kama aliyetishwa. Ndiyo sababu dubu wawili wa kigezo kimoja, wa siku moja, hawawi na uso mmoja.

Katika ustadi huu uko mfano mmoja ambao wapenzi wa dubu hupenda kuusimulia. Ili kitambaa ghali kisipotee, vipande vilipangwa hata kila dubu wa saba alibaki na kichwa kilichopasa kuunganishwa kwa mshono wa katikati, kuanzia pua hadi kisogo. Mshono huo ulikuwa kiraka cha ubahili, wala hakuna aliyeudhania kuwa pambo. Lakini leo dubu mwenye mshono wa katikati hutafutwa kuliko ndugu zake sita, na wengi humwona mzuri zaidi, kwa kuwa mstari ule huupa uso wake mizani. Uhaba hufunga njia moja, na mkono wenye akili hupata nyingine. Watunzi wa mashairi wafungwao na vina na mizani wanalijua jambo hili vyema.

Jina la dubu nalo lina kisa, na kisa hicho kimepambwa kuliko dubu mwenyewe. Mnamo Novemba 1902 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani, aliyejulikana kwa jina la Teddy, alikwenda kuwinda katika jimbo la Mississippi. Mwongoza msafara alikuwa Holt Collier, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani, mwindaji hodari wa dubu. Collier alimzuia dubu, akampiga, akamfunga mtini, ili Rais aje ampige risasi. Roosevelt alikataa kumpiga mnyama aliyefungwa. Tarehe 16 Novemba mchoraji Clifford Berryman alichora tukio hilo katika gazeti la Washington Post, na haukupita muda Morris Michtom na mkewe Rose, wenye duka huko Brooklyn, wakashona dubu wakamwita kwa jina la Rais. Kwa hiyo dubu wa kushonwa alitokea karibu wakati mmoja pande mbili za bahari. Na walipokutana sokoni, dubu wa Ujerumani alichukua jina la Marekani.

Kisa hiki husimuliwa kuwa kisa cha huruma. Lakini wasimulizi huacha mambo mawili. Kwanza, dubu yule hakuachiliwa. Rais aliamuru auawe ili asiendelee kuteseka, akauawa kwa kisu. Pili, Holt Collier, ambaye pasipo yeye hapangekuwa na dubu wala kisa, jina lake lilififia katika usimulizi kwa miaka mingi. Mwanasesere amebaki na jina la aliyekataa kupiga risasi. Jina la aliyefanya kazi limeachwa porini.

Na jambo hili larudisha fikira Giengen, kwa kuwa kule nako kuna majina yaliyoachwa. Mwaka 1907 kiwanda cha Steiff kilitengeneza dubu 974,000. Waliofanya kazi ndani ya kiwanda walikuwa kama 400, na waliofanya kazi majumbani mwao walikuwa kama 1,800, wengi wao wanawake. Jengo la chuma na vioo lililosimamishwa mwaka 1903 lingali lipo, na sababu ya vioo vile ni nuru, maana sindano haifuati giza. Tangu mwaka 1904 kila mnyama alitiwa kifungo kidogo cha chuma sikioni, ili waigaji wasiuze kazi yao kwa jina la wengine. Wahenga wamesema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika soko lenye waigaji wengi, hata chema kimehitaji alama.

Kifungo hicho ni sahihi, kama jina la mtunzi katika beti za mwisho za utenzi. Ila ni sahihi ya nani? Umbo lilikuwa la Richard. Kipimo cha ubora, uchaguzi wa kilicho laini, na mazoea ya kukataa kazi mbaya vilikuwa vya Margarete. Na uso, ule uso uliosifiwa hapa juu, ulikuwa wa mwanamke mmoja miongoni mwa mamia, aliyeuvuta uzi wa jicho jioni penye taa ya nyumbani kwake na hakuandikwa popote. Mhakiki akimwita Margarete Steiff msanii wa kila dubu, atakuwa amewadhulumu hao. Akisema kwamba hakuwa msanii kwa sababu hakuwashona wote, atakuwa amesahau kwamba ngoma haiitwi ya wapigaji tu ikamsahau aliyewafundisha mapigo. Lililo haki ni kumwita mwalimu wa mkono: aliyekuwa na kipimo, na kipimo chake kikaingia katika vidole vya wengine. Alifariki tarehe 9 Mei 1909, na dubu hawakubadilika siku iliyofuata. Huo ni ushahidi kwamba kipimo kilikuwa kimekwisha pokewa.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 lilizuka kundi la watu ambao walitaka kuliondoa kabisa fumbo hili la sahihi. Tangu miaka ya 1970, kwanza Marekani, kisha Ulaya, Japani na kwingineko, walitokea watengenezaji waitwao wasanii wa dubu: mtu mmoja huchora kigezo chake, hukata, hushona, hujaza, hutarizi uso, na kutia jina lake mwenyewe. Idadi ni ndogo, pengine mmoja tu kwa kila umbo. Umoja wa mkono umepatikana, na katika kazi bora za kundi hili uso una uhai ambao kiwanda hakiwezi kuufikia. Lakini faida hiyo ina hasara yake. Dubu wengi wa namna hii hawashonwi kwa ajili ya mtoto. Hushonwa kwa ajili ya kabati la vioo. Manyoya hayatapakwa uji, sikio halitatafunwa, na mkono hautang'oka ukashonwa upya na bibi mzaa mama.

Msiba huu hata dubu wa Giengen haukumwacha. Mwaka 1994, katika mnada mjini London, dubu mmoja wa Steiff wa mwaka 1904 aliuzwa kwa pauni 110,000. Alikuwa mali ya kanali mmoja wa Kiingereza, ambaye aliishi naye tangu utoto hata uzee. Aliyemnunua alimpeleka Japani kuwekwa katika jumba la makumbusho. Bei ile haikuwa ya moheri wala ya nyuzi za mbao. Ilikuwa bei ya miaka mingi ya kupendwa. Na mara ilipolipwa, kupendwa kwa namna ile kulikoma, kwa maana hapana mtoto atakayeruhusiwa kumgusa tena.

Hukumu ya mwisho basi haiwezi kutolewa kwa kumtazama dubu akiwa peke yake. Shairi husomwa likabaki lilivyo. Mkeka hulaliwa ukachakaa, na kuchakaa kwake si kuharibika bali ni kutimia. Dubu wa kushonwa ni wa jamaa ya mkeka. Uzuri wake haukukamilika alipotoka katika karakana ya Giengen akiwa na kifungo kinachong'aa sikioni, ulianza tu. Ulikamilishwa na watoto walioyamaliza manyoya yake mahali pa kumbusu. Wahakiki waliozoea kazi zilizokamilika mikononi mwa mtunzi hawana budi kujifunza kipimo kingine hapa: kazi hii ni nzuri kwa kadiri inavyoacha nafasi, na kwa kadiri inavyostahimili kutumiwa. Kwa vipimo hivyo viwili dubu wa Margarete Steiff ana nafasi miongoni mwa kazi za sanaa, tena si mkiani. Uso wake uliachwa wazi kwa makusudi, na mishono yake ilikazwa kwa makusudi. Na mtu aliyejua mambo hayo mawili kwa pamoja, wapi pa kulegeza na wapi pa kukaza, hakuwa mgeni katika sanaa.